Chupa ya Achari Kutoka Uingereza: Mikono ya Bi Shanta na Fungu la Mwanamke



Wiki chache kabla ya Ramadhani duka letu la kushona huwa halina pa kukaa. Wanaotaka nguo za Idi wamo, na maharusi wanaotaka kufunga ndoa kabla mwezi mtukufu haujaandama nao wamo. Katika pirikapirika hizo bibi harusi mmoja alikuja na mama yake kujaribu gauni, mkononi ana mfuko wa zawadi alioletewa na wifi yake anayeishi Uingereza. Akatoa manukato, akatoa chokoleti, mwisho akatoa chupa ya achari ya embe. Tulicheka hadi machozi yakatutoka. Achari ya embe, itoke Uingereza, ije Unguja! Na embe zetu zinazooza chini ya miembe kila msimu?

Mama wa bibi harusi akaigeuza chupa, akasoma jina: Patak's. Akauliza, "Huyu Patak ni nani, na huko kwenye baridi embe kazipata wapi?" Tulimwahidi kumjibu. Tukatafuta, tukasoma, na tulichokikuta kilikuwa kikubwa kuliko chupa ile. Ni historia ya mume na mke waliotoka huku kwetu Afrika Mashariki wakaenda Ulaya bila mtaji, wakajenga kampuni kwa sambusa na achari. Pia ni historia ya jambo ambalo sisi wanawake wa visiwani tunaliona aibu kulisema: nani anamiliki kile ambacho mikono yetu imekijenga?

Kutoka Gujarat hadi Kenya

Jina la familia ni Pathak. Baba mwenyewe aliitwa Laxmishanker Pathak, mzaliwa wa Gujarat, magharibi ya India. Watu wa Gujarat si wageni kwetu. Kwa karne nyingi walikuja pwani hii kwa majahazi, wakisukumwa na kaskazi, wakirudi na kusi. Wakaacha vitambaa, wakaacha maduka, na wakaacha vyakula ambavyo leo tunaviita vyetu. Sambusa tunayoipanga kwenye sahani ya futari, bajia na kachori tunazozizamisha ndani ya urojo, vyote vina undugu na majiko ya India.

Laxmishanker alikuja Kenya akiwa bado kijana mdogo, akakulia katika maisha ya Wahindi wa Afrika Mashariki, ambako mwenye kuuza vitafunio na vitu vitamu hakosi riziki. Alioa, mke wake akiitwa Shanta Gaury. Tunaomba mulikumbuke jina hilo. Kwenye chupa halimo, lakini bila yeye chupa yenyewe isingekuwepo.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Miaka iliyofuata ilikuwa ya wasiwasi, na wengi hawakujua kesho itakuwaje. Mwaka 1956 Bwana Pathak na Bi Shanta wakachukua watoto wao wakahamia Uingereza. Familia yenyewe husimulia kwamba walifika na pauni 5 mfukoni.

Jiko dogo la London

Hebu tufikirie Uingereza ya mwaka ule. Mgao wa vyakula uliowekwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili ulikuwa umemalizika mwaka 1954 tu, nyama ikiwa ya mwisho kuachiwa. Waingereza wengi walikuwa hawajawahi kuionja bizari. Mgeni kutoka Afrika Mashariki alipata baridi, moshi wa makaa, na chakula kisicho na pilipili wala ndimu.

Bwana Pathak alitafuta kazi ya maana asiipate. Iliyopatikana ilikuwa ya kusafisha mitaro na barabara. Hapo ndipo Bi Shanta alipofanya kile ambacho mwanamke wa pwani anakijua vizuri: alitazama jikoni ana nini. Wakaanza kupika sambusa na vitu vitamu vya Kihindi katika jiko lao dogo, mtaa wa Kentish Town, kaskazini ya London, na kuwauzia Wahindi wenzao. Wateja wa mwanzo walikuwa watu waliokikumbuka chakula cha nyumbani, wakiwemo wanafunzi waliokuwa mbali na mama zao.

Gari ya kupelekea mzigo hawakuwa nayo. Mwana wao Kirit, akiwa bado mtoto wa skuli, alikuwa akipakiwa vifurushi na kupandishwa basi awapelekee wateja. Tuliposoma hapo tulijiona wenyewe. Nani kati yetu hakutumwa na mama yake na bakuli la vitumbua, "Mpelekee fulani, na pesa uje nayo, usipitie kucheza"?

Mwaka 1957 ndio unaohesabiwa kuwa mwaka wa kuanzishwa kwa kampuni. Wakafungua duka dogo Drummond Street, karibu na kituo cha treni cha Euston. Jina la ukoo wakaliondoa herufi moja, Pathak likawa Patak, ili Muingereza aweze kulitamka. Mtu akijenga biashara ugenini huanza kutoa sadaka vitu vidogo namna hiyo, hata herufi ya jina la baba yake.

Biashara ikakua, na malalamiko yakakua nayo. Majirani walichoka na harufu ya viungo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 familia ikalazimika kuhamishia upishi nje ya London, mji mdogo wa Brackley. Harufu iliyowafukuza ndiyo ambayo baadaye Waingereza wangeilipia pesa.

Achari na ujuzi wake

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wengi wetu tunapika achari lakini hatujiulizi inafanyaje kazi.

Sambusa ina kasoro moja kubwa ya kibiashara: leo ni nzuri, kesho imelainika, keshokutwa imeharibika. Mwenye kuuza sambusa anauza kwa wale walio karibu naye tu. Achari ni mali nyingine. Chumvi huvuta maji yaliyomo ndani ya embe au ndimu, na vijidudu vinavyoozesha chakula haviwezi kustawi pasipo maji ya kuwatosha. Ukali wa ndimu au siki huvizuia zaidi. Mafuta yakifunika juu, hewa haipiti. Ndiyo maana bibi zetu walikuwa wakali: kijiko kibichi kisiingie kwenye chupa ya achari! Walijua wanachokisema.

Familia ya Pathak ilichukua ujuzi huo wa achari ikautia kwenye viungo vyenyewe. Bizari ya unga ikikaa sana hupoteza harufu. Lakini viungo vilivyosagwa na kukaangwa vizuri katika mafuta, vikatiwa ukali kidogo na kufungiwa kwenye chupa, hudumu muda mrefu na harufu yake. Muingereza asiyejua tofauti ya giligilani na uzile aliweza kufungua chupa, akatia kijiko kwenye sufuria, akaongeza nyama na nyanya, akapata mchuzi unaoelekea. Hata wapishi wa mikahawa wakanunua. Kuanzia hapo wakawa wanauza ujuzi wa kupika wenyewe, umetiwa kwenye chupa unakwenda mbali, bila ya kuhofia chakula kuharibika kesho.

Mwaka 1972

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda waondoke, akawapa siku 90. Watu waliozaliwa Kampala na Jinja walifunga masanduku yao wakaacha nyumba, viwanda na maduka. Wapatao 27,000 walipokewa Uingereza, na wengi wao waliwekwa kwanza katika kambi za zamani za jeshi, wakati wa baridi unaanza, wakipewa chakula wasichokizoea.

Bwana Pathak alipata kazi ya kupeleka vyakula katika kambi hizo. Alikuwa anawalisha watu anaowajua, kwani hata wasipokuwa jamaa zake, walikuwa ni Wahindi wa Afrika Mashariki kama yeye. Wakimbizi wale walipotoka kambini, wengi walifungua maduka kila pembe ya Uingereza, na kwenye rafu zao wakaweka bidhaa wanazozijua. Kwa hivyo mtu aliyefika na pauni 5 alikuta soko linamfuata kutoka kulekule alikotoka.

Miaka ya 1970 Kirit, yule mtoto wa kupanda basi na vifurushi, akashika usukani wa kampuni. Mwaka 1976 alimuoa Meena, msichana wa India aliyesomea teknolojia ya chakula na mambo ya hoteli. Bi Meena akawa ndiye ulimi wa kampuni, yeye anaonja na yeye anatengeneza mapishi mapya. Kiwanda kikahamia Lancashire, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Bidhaa zikafika nchi zaidi ya 40. Laxmishanker Pathak alifariki mwaka 1997, akiwa ameona kwa macho yake jiko la Kentish Town limekuwa kiwanda. Mwaka 2007 kampuni ikauzwa kwa Associated British Foods, kampuni kubwa yenye chai ya Twinings na maduka ya nguo ya Primark.

Blogu nyingi zingemalizia hapa na kusema, "Dada, nawe usikate tamaa." Sisi tunaendelea, kwa sababu kuna ukurasa mmoja umeruka.

Shauri la mwaka 2004

Miaka mitatu kabla ya kampuni kuuzwa, familia hii ilikuwa mahakamani London. Mabinti wawili wa marehemu walidai kwamba baba yao aliwapa hisa za kampuni, na kwamba hisa hizo zilipitia mikononi mwa mama yao kisha zikaishia kwa kaka yao. Wao walisema walimkabidhi mama kama amana. Upande wa pili ulisema hapana, walizitoa moja kwa moja, na ikatajwa mahakamani mila ya kwamba mali ya biashara hubaki kwa watoto wa kiume, maana binti akiolewa ana kwao kupya. Shauri likamalizika mwaka uleule kwa makubaliano, lakini baada ya mama na watoto wake kusimama mbele ya hakimu, na magazeti yakiandika.

Hatuandiki haya kumhukumu mtu. Yaliyomo ndani ya familia ya watu anayajua Mungu na wenyewe. Familia hii ni ya Kihindu na ina mila zake, sisi ni Waislamu. Lakini tulipoisoma hoja ile, kwamba binti akishaolewa basi ana kwao kwengine, tulitazamana. Tumeisikia mara ngapi, hapahapa Unguja na Pemba, kutoka kwa watu wanaosali safu ya mbele? "Wewe una mumeo, shamba muachie kaka yako." "Mahari yako ulishapewa." "Utamshitaki ndugu yako, huoni haya?"

Na kinachouma zaidi ni kuwa kampuni hii haikuanzia ofisini. Ilianza jikoni, kwa mikono ya mwanamke. Kama biashara iliyozaliwa na mikono ya mama inaweza kufika mahali fungu la mabinti likabishaniwa, basi biashara zetu za maandazi, za keki za harusi, za udi na za kushona zina usalama gani?

Tulivyotoka na mkasi

Sisi tunajua jibu, maana yametufika. Sisi ni ndugu wawili. Tulipomaliza skuli ya sekondari na kozi ya ushonaji, tulishona miaka minne katika duka la jamaa yetu mmoja. Duka lilikuwa na vyerehani vitano. Viwili kati yao tulivinunua sisi kwa pesa zetu za mchezo, kila mwezi tukijibana, sabuni tunanunua ya kipande. Risiti iliandikwa jina la mwenye duka, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda mjini kuvinunua. Hatukuona tatizo. Ni jamaa, tutaandikishana vipi?

Jamaa yule alifariki ghafla, Mungu amrehemu. Baada ya siku za msiba warithi walikuja kuhesabu mali. Tukasema viwili vyetu. Wakauliza, kwa ushahidi gani? Hatukuwa na karatasi. Aliyeujua ukweli alikuwa ndani ya kaburi. Tulitoka duka lile na mikasi yetu na utepe wa kupimia.

Kwa muda mrefu tuliwaona warithi wale ni wabaya. Leo tunasema tofauti. Wao walikuta vyerehani ndani ya duka la baba yao, na risiti ina jina la baba yao. Wangejuaje? Ubaya ulikuwa ni ile haya yetu ya kuandika. Tuliona kuandika ni kutoaminiana, kumbe kuandika ndiko kunakolinda kuaminiana.

Dini yetu imeshasema

Sisi hatuna udhuru, dada zetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inatufunza kuandika deni na kuweka mashahidi, na inatukataza kuchoka kuandika hata jambo likiwa dogo. Suratun Nisaa, aya ya 7, imetaja kwamba wanawake wana fungu katika wanachokiacha wazazi na jamaa wa karibu, kama walivyo nalo wanaume, hata mali ikiwa kidogo. Aya ya 32 ya sura hiyohiyo imempa mwanamke fungu la alichokichuma. Na aya ya 4 imeyafanya mahari kuwa haki ya mwanamke mwenyewe. Kwa hivyo anayesema "ulishapewa mahari, huna mirathi" amechanganya haki mbili. Mahari yanatoka kwa mume, mirathi inatoka kwa waliokufa. Moja haiifuti nyingine.

Na mama yetu Khadija bint Khuwaylid, Mungu amuwie radhi, alikuwa mfanyabiashara mwenye mali yake na wafanyakazi wake kabla ya kuolewa na Mtume (s.a.w.). Watu walijua mali ya Khadija ni ya Khadija. Alipoitoa katika njia ya Mungu aliitoa kwa hiari yake, na ndio maana ikawa sadaka yenye daraja kubwa. Huwezi kutoa sadaka kitu ambacho hujulikani kuwa ni chako.

Kwa hivyo bibi harusi unayetusoma, na wewe dada ambaye unakaanga sambusa usiku ili watoto wapate ada, tunakuomba mambo haya.

Ukinunua chombo cha kazi, tanuri, friji au cherehani, risiti iandikwe jina lako. Nenda mwenyewe dukani, na kama huwezi, mwambie aliyekwenda aandikishe jina lako.

Ukifanya biashara na mumeo, dada yako au shoga yako, andikeni kila mmoja ametia nini na faida itagawanywa vipi. Ukurasa mmoja wa daftari wenye tarehe, saini na mashahidi unatosha kwa kuanzia. Biashara ikikua, isajilini kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na majina ya wenye mali yaonekane yote.

Ukiombwa uachie haki yako ya mirathi, usijibu siku ya msiba huku unalia. Hiari ya kweli inataka akili iliyotulia. Fungu lijulikane kwanza, lipigiwe hesabu na wanaojua, kwa kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Ukishalijua ni kiasi gani, hapo ukitaka kumpa kaka yako mpe, na Mungu atakulipa.

Na sisi mama wenye mabinti, tunapowapa watoto wetu kitu tuseme wazi ni zawadi, amana au mkopo. Tusiwaachie watoto kitendawili wakaenda kukitegua mahakamani.

Tulichokifanya sisi

Tulipokuwa tunaandika makala hii, tuligundua kwamba sisi wenyewe, pamoja na yote yaliyotupata, duka letu la sasa lilikuwa halina hata karatasi moja inayosema kipi cha nani. Tulikuwa tunahubiri tusichokifanya. Yupo na binti anayetudarizia, ambaye mashine ya kudarizi alikuja nayo yeye, na hakuna mtu yeyote nje ya duka anayelijua hilo.

Basi Alkhamisi baada ya Alasiri tulifunga mlango mapema. Tukachemsha chai ya tangawizi, tukaita mashahidi, tukaandika vyerehani kimoja kimoja, meza, pasi, hadi sanamu ya kuvalishia magauni. Mashine ya kudarizi tukaiandika jina la binti yule. Aliposaini aliinama akanyamaza, kisha akasema, "Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuandikwa kwenye kitu."

Mama wa bibi harusi alirudi kuchukua gauni, tukamsimulia yote. Alisikiliza, akasema achari ile wameshaifungua, ni tamu, ila yake yeye ina ukali zaidi. Tukamuuliza, "Yako ina jina?" Akacheka. Safari hii hatukucheka naye. Tulimpa karatasi na kalamu.

Mwenyezi Mungu atutilie baraka katika mikono yetu, atujaalie tule vya halali, na atuepushe kula haki ya mwenzetu au kuiacha yetu ikapotea kwa haya isiyokuwa na maana. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullah.